Atomu Zilezile, Mpangilio Mwingine: Aseniki na Malale katika Historia ya Kongo

Tukichukua herufi nne, yaani l, i, m na a, tunaweza kuandika neno lima. Tukizipanga upya herufi hizohizo, bila kuongeza wala kupunguza hata moja, tunapata neno mali. Herufi hazikubadilika, wala idadi yake, lakini maana imehama kutoka jasho la shambani hadi akiba ya ghalani. Vitu vya maumbile navyo vina tabia hiyo. Vitu viwili vyaweza kuundwa kwa atomu zilezile na kwa idadi ileile, navyo vikatofautiana kabisa, kwa kuwa atomu hizo zimeshikana kwa mpangilio tofauti. Wanakemia huviita isoma.

Jambo hilo lilifahamika Ulaya katika miaka ya 1820. Wajerumani wawili, Friedrich Wöhler na Justus von Liebig, walichunguza kila mmoja kivyake chumvi fulani ya fedha. Hesabu zao zilipolinganishwa ilionekana kwamba chumvi zote mbili zina fedha, kaboni, nitrojeni na oksijeni kwa kiasi kilekile. Hata hivyo ile ya Liebig ililipuka kwa kuguswa kidogo tu, na ile ya Wöhler ilitulia. Kwanza ilidhaniwa kwamba mmoja wao amekosea vipimo. Baadaye ikabidi kukubali kwamba wote wawili walipima vema, na kwamba tofauti imo katika namna atomu zilivyoungana. Mwaka 1830 Jöns Jacob Berzelius wa Uswidi alilipa jambo hilo jina, akilitoa katika maneno ya Kigiriki yenye maana ya sehemu zilizo sawa.

Vijana wapendwa, huenda wengi wenu mmelisikia neno isoma darasani, mkaliandika daftarini kwa ajili ya mtihani, na mtihani ulipokwisha mkaliacha hapo. Katika tafakari hii tunataka kuonyesha kwamba neno hilo lina historia katika nchi yetu. Limepita katika damu, katika macho na katika ubongo wa wazee wetu waliougua malale.

Malale huletwa na kijidudu kiitwacho tripanosoma, ambacho hubebwa na yule nzi tunayemwita mbung'o au tsetse. Kijidudu hicho huishi kwanza katika damu na katika tezi. Homa huja na kuondoka, tezi za shingo huvimba, na mtu aweza kuendelea na kazi zake akidhani ni uchovu tu. Baada ya miezi, au hata miaka, kijidudu huingia katika ubongo. Hapo mgonjwa hubadilika tabia, husinzia mchana na kukesha usiku, huwasahau jamaa zake, na asipotibiwa hufa.

Kati ya mwaka 1896 na mwaka 1906 janga la malale liliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000 katika bonde la Kongo na kandokando ya Ziwa Victoria. Wakati huo nchi yetu ilikuwa Dola Huru ya Kongo, mali ya Mfalme Léopold II. Wanahistoria wengi wanaona kwamba ugonjwa haukusambaa kwa kudra ya mbung'o peke yake. Watu walitolewa vijijini kwenda kugema mpira na kubeba mizigo. Wengine walikimbilia misituni. Mashamba yaliachwa na njaa ikaingia. Waliotembea kwa kulazimishwa walitembea na ugonjwa wao, na waliodhoofishwa na njaa hawakuwa na nguvu ya kuupinga.

Mwaka 1903 Mfalme huyo aliwakaribisha madaktari wa Shule ya Tiba ya Nchi za Joto ya Liverpool, Uingereza, wauchunguze ugonjwa huo. Miongoni mwao alikuwamo Joseph Everett Dutton, ambaye hapo kabla alikuwa amekitambua kijidudu cha malale katika damu ya mgonjwa huko Gambia. Yeye na wenzake walipanda mto kutoka magharibi hadi mashariki ya nchi. Dutton hakurudi kwao. Alifariki huko Kasongo, katika Maniema, tarehe 27 Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30. Aliuawa na homa ya kupe, ugonjwa aliokuwa akiuchunguza.

Mwaka huohuo, huko Liverpool, Wolferstan Thomas na Anton Breinl waligundua kwamba dawa iitwayo Atoxyl huwaponya wanyama waliotiwa tripanosoma. Ilikuwa dawa ya aseniki, ile sumu ambayo tangu kale watu wameitumia kuua panya, na wakati mwingine kuuana wao kwa wao. Dawa yenyewe ilitengenezwa kwa mara ya kwanza karibu na mwaka 1860 na Mfaransa Antoine Béchamp, aliyepasha moto pamoja anilini na asidi ya aseniki. Waliokuja kuiuza miaka mingi baadaye waliipa jina Atoxyl kwa maana ya kitu kisicho na sumu, kwa sababu ilidhuru kidogo kuliko aseniki ya kawaida.

Jina hilo liliahidi kuliko dawa ilivyoweza kutimiza. Katika miaka ya 1906 na 1907 daktari mashuhuri Robert Koch alikwenda visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria, akawatibu mamia ya wagonjwa kwa Atoxyl. Vijidudu vilitoweka katika damu yao, lakini baada ya muda vilirudi. Koch akaongeza kipimo. Wagonjwa wapatao ishirini wakapofuka, kwa maana dawa ilikuwa imeua mishipa ya fahamu ya macho, na upofu huo haukuwa na tiba. Dawa hiyohiyo ilitumika katika Kongo, katika nyumba za kuwatenga wagonjwa zilizoitwa lazareti, na huku pia wapo waliopoteza macho. Wengi walipelekwa huko kwa nguvu, mbali na jamaa zao. Basi si ajabu kwamba baadhi yao walitoroka, wala kwamba vijiji vingine viliwaficha wagonjwa walipowasikia wapimaji wakija.

Hapo ndipo isoma inapoingia katika habari yetu.

Huko Frankfurt, Ujerumani, daktari Paul Ehrlich alikuwa akitafuta dawa zitakazokipiga kijidudu bila kumpiga mgonjwa. Alikwisha kuijaribu Atoxyl juu ya tripanosoma ndani ya vichupa vya maabara, akaona haiwaui, akaiweka kando. Habari za Liverpool zilimfanya airudie. Safari hii hakuuliza tu dawa hiyo inafanya nini. Aliuliza pia imejengwa namna gani.

Asidi ambayo Atoxyl hutokana nayo ina atomu 19 katika kila molekuli: sita za kaboni, nane za haidrojeni, tatu za oksijeni, moja ya nitrojeni na moja ya aseniki. Kaboni sita zimeshikana kama pete. Béchamp aliamini kwamba nitrojeni imeshika pete hiyo kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili imeshika aseniki. Kama ndivyo, nitrojeni imebanwa katikati, na molekuli yote haina mahali pa kushikia kitu kingine bila kuvunjika. Wanakemia walikubali mpangilio huo kwa zaidi ya miaka arobaini, na kwa hiyo Atoxyl ilionekana kama nyumba isiyo na mlango: ama uitumie ilivyo, ama uiache.

Ehrlich alikuwa na shaka. Katika majaribio yake ile nitrojeni ilijibu kama nitrojeni iliyo huru, si kama iliyobanwa. Alihitimisha kwamba aseniki imeshikana moja kwa moja na kaboni ya pete, na nitrojeni imekaa upande wa pili kabisa wa pete, mkono wake ukiwa wazi. Atomu zilikuwa zilezile 19. Mpangilio wa Béchamp na mpangilio wa Ehrlich vilikuwa isoma, na ni mmoja tu uliokuwa ndani ya chupa. Baadhi ya wanakemia wake hawakukubali, wakaacha kazi. Alfred Bertheim alibaki, na mwaka 1907 yeye na Ehrlich wakachapisha uthibitisho wao.

Tuone uzito wa jambo hilo. Kama nitrojeni iko huru, basi nyumba ina mlango. Mtu anaweza kushikiza pale kitu hiki au kile, akapata dawa mpya, akaijaribu, akapanga nyingine. Bertheim na wenzake walitengeneza mamia ya michanganyiko. Mmojawapo, ule wa namba 606, ulijaribiwa mwaka 1909 na Mjapani Sahachiro Hata, ukaonekana kuwa na nguvu juu ya kaswende. Uliuzwa kuanzia mwaka 1910 kwa jina la Salvarsan, nao ukawa dawa ya kwanza iliyotafutwa kwa utaratibu huo na kuushinda ugonjwa mkubwa.

Hata hivyo Ehrlich, aliyeusahihisha mpangilio wa Béchamp, alikuja kusahihishwa yeye mwenyewe. Alidhani kwamba katika Salvarsan atomu za aseniki zimeshikana mbilimbili. Mwaka 2005 watafiti wa New Zealand walionyesha kwamba zimeshikana katika pete za atomu tatu na za atomu tano. Karibu miaka mia moja ilikuwa imepita. Dawa ilikwisha kuwatibu wengi, na mahali pake palikwisha kuchukuliwa na penisilini, kabla mpangilio wake haujajulikana vema.

Turudi katika malale. Salvarsan haikufaa kwa mgonjwa ambaye vijidudu vimekwisha kuingia katika ubongo wake. Huko New York, katika Taasisi ya Rockefeller, Walter Jacobs na Michael Heidelberger walipita katika ule mlango uliofunguliwa Frankfurt. Walishikiza kipande kipya kwenye nitrojeni ya Atoxyl, wakapata triparsamidi, na habari zake zikachapishwa mwaka 1919. Mwaka 1920 mwenzao, daktari Louise Pearce, alisafiri peke yake mpaka Léopoldville, Kinshasa ya leo, akaijaribu kwa wagonjwa 77. Vijidudu vilitoweka katika damu kwa siku chache, na wengi kati ya wale waliokuwa wamechanganyikiwa walirudiwa na akili zao. Kwa mara ya kwanza ilipatikana dawa iliyoweza kuufikia ubongo.

Lakini triparsamidi nayo ilikuwa mtoto wa Atoxyl, na ilirithi ubaya wa mzazi wake. Kipimo kikizidi, macho yalikuwa hatarini. Huko Bafia, nchini Kamerun, mwishoni mwa miaka ya 1920, daktari mmoja kijana aliongeza kipimo kupita kiasi kilichoagizwa, na mamia ya wagonjwa wakapofuka. Na kadiri miaka ilivyopita vijidudu vilijifunza kuihimili dawa hiyo, hata ikashindwa mahali pengi.

Hatua iliyofuata ilitoka katika vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, timu ya Rudolph Peters huko Oxford ilitafuta kinga dhidi ya gesi ya sumu yenye aseniki. Ilijulikana kwamba aseniki huua kwa kuzikamata atomu za salfa zilizomo katika protini za mwili. Basi wakatengeneza dimekaproli, molekuli ndogo yenye atomu mbili za salfa zilizokaa jirani, ambazo huishika aseniki kwa pamoja kama gando la kaa lishikavyo samaki. Aseniki ikiisha kushikwa hivyo, huuachia mwili. Wanakemia huuita muungano wa namna hiyo kwa jina lililotoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya gando, na ni katika elimu hiyohiyo ya michanganyiko ya madini kwamba dawa nyingi za kuondoa sumu ya risasi na zebaki zimepatikana.

Daktari wa Uswisi, Ernst Friedheim, aliligeuza wazo hilo. Badala ya kumpa mgonjwa gando baada ya sumu, aliiweka aseniki ndani ya gando kwanza, kisha ndipo akampa mgonjwa. Mwaka 1949 alitangaza melarsoproli, ambayo wagonjwa wengi wa Kongo waliijua kwa jina la Arsobal. Tukiitazama molekuli yake tunaikuta pete ileile ya kaboni sita, aseniki upande mmoja, na nitrojeni ya Ehrlich upande wa pili ikiwa imeshikizwa kipande kingine. Dawa hiyo iliweza kuwaponya waliokuwa karibu kufa, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa tegemeo la mgonjwa ambaye malale imemwingia ubongoni.

Bei yake ilikuwa kubwa. Katika kila wagonjwa 100 waliodungwa, kati ya watano na kumi walishikwa na uvimbe wa ubongo ulioletwa na dawa yenyewe, na karibu nusu ya hao walikufa. Kimiminika kilichoiyeyusha kiliharibu plastiki, ikalazimu kutumia sindano za kioo. Wagonjwa walisema ni moto unaopita ndani ya mishipa. Fikirini wauguzi wetu wa vijijini, ambao kila asubuhi walimdunga jirani yao wakijua kwamba asipodungwa atakufa hakika, na akidungwa huenda akafa kwa mkono wao. Walidunga, na wengi walipona. Tusiwasahau.

Kulikuwa na dawa nyingine isiyo na aseniki, eflonithini, iliyoidhinishwa mwaka 1990. Ilihitaji kutiwa katika mshipa mara nne kwa siku kwa siku kumi na nne, jambo gumu katika kituo cha afya kisicho na umeme. Tena ilikuwa ghali, na wenye kuihitaji walikuwa maskini, hata utengenezaji wake ukasimamishwa kwa kuwa haukuleta faida. Dawa ile ilipata soko jipya katika krimu ya kupunguza nywele za usoni. Ni baada ya madaktari na mashirika kupaza sauti ndipo, mwaka 2001, ilianza tena kutengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa malale. Katika miaka hiyohiyo ugonjwa ulikuwa umerudi kwa nguvu katika nchi yetu iliyochoshwa na vita. Mwaka 1998 peke yake wagonjwa zaidi ya 25,000 waliandikishwa nchini Kongo.

Mwanzo mpya ulikuja kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 2005 watafiti walipekua orodha za dawa za zamani zilizoachwa njiani, wakaikuta feksinidazoli. Majaribio makubwa ya dawa hiyo yalifanyika hasa katika Kongo, yakiongozwa na daktari Mkongomani, Victor Kande, pamoja na madaktari na wauguzi wa hapahapa. Wagonjwa 394 walishiriki, na matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Walipona takriban 91 katika 100, ikilinganishwa na 98 kwa matibabu ya sindano yaliyokuwapo. Dawa mpya ilikuwa nyuma kidogo, lakini ni vidonge vya siku kumi tu, humezwa baada ya kula, wala havina aseniki. Mwaka huohuo wa 2018 vilisajiliwa nchini mwetu, na wagonjwa wapya wa malale katika Afrika nzima walikuwa wamepungua hadi chini ya 1,000.

Tunajifunza nini katika safari hiyo ya zaidi ya karne moja?

Kwanza, kuhesabu si kujua. Kosa lililofunga njia kwa miaka arobaini halikuwa katika orodha ya atomu. Lilikuwa katika mpangilio wake, na hilo halionekani kwa macho. Lilihitaji mtu mwenye kuthubutu kulirudia swali ambalo wengine walidhani limekwisha kujibiwa. Ninyi mnaosoma kemia katika shule zisizo na maabara, msidhani kwamba michoro ile ya pete na mistari ni mapambo ya vitabu. Mstari mmoja uliochorwa mahali pasipo pake uliwachelewesha watafuta dawa.

Pili, kweli juu ya kitu haitoshi bila kweli juu ya mtu. Walioitumia Atoxyl walijua kuhesabu vijidudu katika damu. Aliyelala kitandani hawakumwuliza kama anakubali. Majina ya waliogundua yamehifadhiwa vitabuni, na sisi tumeyataja hapa. Majina ya waliopofuka yako wapi? Watu 77 wa Léopoldville walikuwa na mama zao, vijiji vyao na lugha zao, nao walikuwa sehemu ya ugunduzi sawa na yule aliyeshika sindano. Maendeleo ya kweli tunayaona tunapofika kwa wale 394: siku hizi sheria za utafiti zinadai mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, aridhie, na aweze kukataa.

Tatu, ujuzi haumilikiwi na bara moja. Habari hii ilianza na wageni walioingia nchini kutuchunguza, na imefika mahali ambapo Wakongomani wenyewe wanaongoza uchunguzi. Bado malale haijaisha. Bado kuna vijiji ambako timu za upimaji hufika kwa mtumbwi na pikipiki, na kazi yao inahitaji warithi. Hatujui ni nani kati yenu atakayeuliza swali ambalo wengine wameliacha. Lakini tunajua kwamba bila darasa la kemia, bila uvumilivu wa maabara, na bila heshima kwa mgonjwa wa kijiji cha mwisho, swali hilo halitaulizwa.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Je, katika familia au vijiji vyetu wapo wazee wanaokumbuka wakati wa malale na wapimaji wake? Wanasimulia nini, na nani ameyaandika?

2. Muuguzi aliyekuwa na Arsobal peke yake mkononi alipaswa kumweleza nini mgonjwa kabla ya kumdunga?

3. Dawa inayohitajiwa na maskini peke yao haileti faida. Ni nani apaswaye kuhakikisha kwamba inatengenezwa, na sisi tunaweza kudai nini?